Godoro la hewa, mto wa sponji na vidole vyako: kumkinga mgonjwa na vidonda vya mgandamizo

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anaporuhusiwa kurudi nyumbani, swali la kwanza la familia nyingi hapa Dar es Salaam huwa ni hili: tununue godoro gani? Wengine hufika kliniki yetu ya utengamao (ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili) wakiwa wameshalinunua, tena kwa pesa ya mkopo. Swali ni la msingi, ila kuna lingine linalopaswa kulitangulia: mwili wa mgonjwa huyu unagandamizwa wapi, na kwa muda gani? Ukishalijibu hilo, kununua kunakuwa rahisi, na mara nyingi gharama inapungua.

Kidonda cha mgandamizo huanza pale nyama inapobanwa katikati ya mfupa na kitu kilicho chini yake, hadi mishipa midogo ya damu ikajifunga. Mwaka 1930 mtafiti wa Marekani, Eugene Landis, alipima msukumo wa damu ndani ya mishipa hiyo kwenye ngozi ya kando ya ukucha. Upande damu inapoingilia alipata wastani wa milimita 32 za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya damu. Ni nguvu ndogo sana. Mtu akikaa kwenye ubao, chini ya mifupa ya kukalia mgandamizo huipita mara kadhaa. Wewe unayesoma huumii kwa sababu unajisogeza kila baada ya dakika chache bila hata kufikiri. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda hasikii kwamba anabanwa. Mzee aliyepooza kwa kiharusi pengine anasikia, lakini hawezi kujinyanyua. Isitoshe, nyama iliyo karibu na mfupa huweza kufa kabla ngozi haijaonyesha chochote, ndiyo maana kidonda chenye mdomo mdogo kinaweza kuwa na shimo pana ndani.

Godoro au mto maalumu hufanya moja kati ya kazi mbili. Ama unauruhusu mwili uzame kidogo ili uzito utawanyike sehemu kubwa zaidi, kama yanavyofanya magodoro ya sponji bora, au unahamisha mgandamizo, kama lile la hewa ambalo vyumba vyake hujaa na kupungua kwa zamu kwa nguvu ya pampu. Hakuna hata kimoja kinachoondoa mgandamizo wote. Muuzaji akikuambia kwamba ukiwa na godoro lake huhitaji tena kumgeuza mgonjwa, usimwamini.

Kuhusu godoro la hewa, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha magodoro hayo na ya sponji ya kiwango cha juu kwa wagonjwa 2,029 wa hospitali. Haukupata ushahidi wa kutosha kwamba moja linalishinda lingine kwa mbali. Kwa familia isiyo na uwezo wa pampu, hiyo ni habari njema sana. Sponji nene, isiyobonyea hadi chini, pamoja na mikono ya kumgeuza mgonjwa, si huduma ya kujionea aibu.

Kama godoro la hewa mnalo, kumbukeni kwamba linategemea umeme, na umeme wetu mnaujua. Liwekeni juu ya godoro la sponji la kawaida, ili pampu ikizimika usiku mgonjwa asijikute amelala juu ya mbao. Kwenye pampu kuna kitufe cha kupangia uzito kwa kilo, na mara nyingi tunakuta kimeachwa mwisho kabisa. Hapo godoro huwa gumu kama sakafu. Pangeni kwa uzito wa mgonjwa, kisha ingizeni mkono chini ya godoro hilo, pale makalio yalipo. Mkigusa mfupa umekaa juu ya kiganja, hewa haitoshi. Na juu yake tandikeni shuka moja iliyolegea. Tunaona godoro la gharama kubwa limetandikwa blanketi, mpira wa kuzuia mkojo, shuka mbili na pedi, na faida yote imeishia humo. Mpira wa plastiki una ubaya wa ziada kwenye joto letu la Desemba hadi Machi: jasho halipati pa kwenda, ngozi inalowa na kulainika, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Pampasi nayo ibadilishwe mara inapolowa, isisubiri ijae.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu hatari ni kubwa zaidi kuliko kitandani, kwa sababu karibu uzito wote wa kiwiliwili unashukia kwenye mifupa miwili ya makalio. Hata hivyo mto ndiyo kitu kinachosahaulika. Watu hupewa kiti kipya na kukalia kitambaa chake kitupu. Kitambaa hicho hulegea, kinatengeneza bonde, mapaja yanabanana na nyonga inainama upande. Wekeni ubao mwembamba chini, juu yake mto.

Mto mzuri wa sponji unaweza kutengenezwa hapa hapa mjini, na fundi makochi wa Keko anaweza kuukata mkimweleza vizuri. Chini iwekwe sponji ngumu inayobeba uzito, juu laini. Pale mifupa ya makalio inapokaa, ile ngumu ichongwe bonde la kina kifupi, ili mapaja yabebe sehemu ya uzito. Vipimo vya bonde vichukuliwe kwenye mwili wa mhusika na mtaalamu wa fiziotherapia au wa viti vya magurudumu. Nchini tunao, wakiwemo waliosomea TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa saidizi vya viungo kule Moshi.

Mto ukishatengenezwa, upimwe kwa vidole. Hii ni njia inayofundishwa katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu viti vya magurudumu, na ningependa kila familia iijue. Mwache akae wima, mikono juu ya mapaja. Mweleze unachotaka kufanya. Pitisha vidole vyako, kiganja kikitazama juu, katikati ya mto na mfupa wa kalio. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini nusu sentimita au zaidi, mto unafaa. Ukishindwa kuvichezesha lakini vinatoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hata kuvitoa ni shida, mto huo haufai, hata kama ni mpya na umenunuliwa kwa bei kubwa. Pima makalio yote mawili. Tazama pia vikanyagio vya miguu: vikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hurudi nyuma kwenye mifupa ile ile. Na hata mto ukifaulu, aliyekaa ajinyanyue au ainame mbele kila baada ya nusu saa hivi na kubaki hivyo dakika moja au mbili, damu ipite.

Sponji huchoka. Ikishindwa kurudi juu baada ya mtu kuondoka, ibadilishwe. Ikifuliwa, ikaushwe kivulini, maana jua huila.

Yapo mambo yanayofanywa kwa upendo lakini yanaumiza. Tyubu ya gari au mto wenye tundu katikati hubana ngozi kuzunguka tundu lile na kuzuia damu isifike katikati. Glavu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino hazisaidii. Kukanda sehemu iliyoanza kubadilika rangi huzidi kuharibu nyama iliyo dhaifu, kwa hiyo paka mafuta taratibu pembeni, usisugue. Visigino vipewe nafasi kwa kuweka mto chini ya miundi kwa urefu wake, goti likiinama kidogo, ili kisigino chenyewe kisiguse kitu.

Mgonjwa akilazwa ubavu, asilazwe juu ya mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mweke mto nyuma ya mgongo ainame nyuzi 30 hivi. Kichwa cha kitanda nacho kisipite nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula au daktari akiagiza vingine, maana mwili huteleza kwenda chini huku ngozi ikibaki imenata kwenye shuka, na nyama ya ndani inachanika. Kwa sababu hiyo hiyo msimburute. Tandikeni kanga mbili zilizokunjwa chini ya makalio, watu wawili washike pande mbili na kumnyanyua.

Kugeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ndiko daktari Ludwig Guttmann alikokusimamia kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, tangu mwaka 1944, wakati ambapo wengi wa walioumia uti wa mgongo walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye godoro zuri muda huo unaweza kuongezwa, lakini ngozi ndiyo inayoamua. Gawaneni zamu. Mama au mke akibebeshwa usiku wote peke yake, wiki ya pili atalala, na si kosa lake.

Ngozi itazamwe asubuhi na jioni kwenye mwanga: kifandugu, makalio, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta pale palipo peusi kuliko pembeni yake au panapoelekea zambarau, kisha gusa kwa nyuma ya mkono: pana joto au pamepoa kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama pana maji ndani? Ukiona hivyo, mgonjwa asipalalie wala asipakalie tena mpaka parudi kawaida. Mpeni chakula chenye kujenga mwili, dagaa, mayai, maharage, na maji ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Ngozi ikipasuka, ikitoa harufu au usaha, ikiwa nyeusi, au mgonjwa akipata homa, mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Msipake majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli. Na mkija, njooni na mto au mpira anaoukalia, tuupime akiwa juu yake.