Jino la utoto liking'oka kabla ya wakati: maswali ya wazazi wa Mwanza

Mwanangu ana miaka minne, gego la chini limeoza. Bibi yake anasema ling'olewe tu, si litaota jingine?

Litaota, lakini si leo wala mwakani. Kati ya meno 20 ya utoto, ya mbele huanza kung'oka mtoto akikaribia miaka sita. Magego hukaa mpaka miaka 9 hadi 12. Huyo wako atakaa na pengo miaka mitano au zaidi, na ndiyo miaka ya kukua na kuanza shule.

Pengo la nyuma pia halikai wazi. Kwenye miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila kusukuma jino lolote. (Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wanaliacha lioze. Hilo halina mbadala!) Likikuta uwazi mbele yake, linasogea na kuchukua nafasi ya jino linalosubiri chini ya ufizi. Jino hilo likija, linaota pembeni au linakwama ndani ya taya.

Mbona anacheza kama kawaida?

Mkalie karibu anapokula. Ugali anaumeza, dagaa anawasukumia pembeni ya sahani, anatafuna upande mmoja tu. Mtoto wa umri huo hasemi "jino linauma". Anakataa chakula, anaamka usiku analia, asubuhi anasinzia darasani. Akikosa meno ya mbele mapema, anaweza kusema kwa kithembe, wenzake wakamwita kibogoyo, akawa anaziba mdomo kwa kiganja kila akicheka. Mimi hilo la kuziba mdomo huniumiza kuliko yote.

Watafiti wanaopima ubora wa maisha ya watoto wenye matatizo ya meno humuuliza na mzazi: umekosa usingizi? Umekosa kazi? Mama anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba, akishinda kwenye foleni ya hospitali, siku hiyo nyumbani hakuingii kitu.

Kwa hiyo lising'olewe?

Jino lenye usaha na maumivu yasiyotulia mara nyingi hung'olewa, na mtoto hulala usiku. Ila kwanza muulize daktari wa meno kama linaweza kuzibwa. Ikibidi kung'oa gego, uliza kuhusu kifaa kidogo cha waya cha kushikilia nafasi. Kama kituo cha karibu hakina, omba rufaa. Hospitali za Sekou Toure na Bugando zina madaktari wa meno.

Mtoto wa miezi saba ana homa na anaharisha. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yatolewe.

Usikubali. Meno ya plastiki hayapo. Kile cheupe kinachoonekana kwenye ufizi ni jino changa la chonge ambalo bado linajengwa. Kulichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli kunaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda, hata kifo, na kunaweza kuharibu chonge la ukubwani lililo jirani. Wakati huohuo malaria, nimonia au kuhara kulikomwangusha mtoto kunabaki bila tiba. Mnyonyeshe, mpe ORS, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ameanguka, jino la mbele limetoka zima.

La utoto halirudishwi. Mpeleke akaangaliwe ufizi. Likiwa la ukubwani, lishike sehemu ya kutafunia, usiguse mzizi, litie kwenye maziwa na umfikishe kwa daktari ndani ya saa moja.

Tuanze lini kupiga mswaki?

Jino la kwanza likichomoza, kama miezi sita. Tumia dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele mpaka miaka mitatu, kisha kiasi cha njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mpigie wewe mpaka afike miaka saba au nane, na wa usiku usikose. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Biskuti na soda za kuonjaonja kutwa nzima huozesha zaidi kuliko kiasi kilekile akikipata mara moja, pamoja na mlo.

Mara moja kwa mwezi mnyanyue mdomo wa juu, mbele ya mwanga. Ukiona mstari mweupe kama chaki kandokando ya ufizi, jino limeanza kuoza. Hapo bado halijatoboka na laweza kuokolewa bila kuchimbwa, hivyo mpeleke wiki hiyohiyo, kabla mstari haujageuka kahawia.