Eksirei "safi" si cheti cha mgongo salama

Stendi ya Moshi, mzee mmoja alikuwa akimtuliza mwenzake mwenye saratani ya tezi dume: "Eksirei yako imetoka safi, kaka. Haijafika mgongoni. Maumivu hayo ni ya mikungu ya ndizi tu unayobeba." Mwenzake, bahasha ya kaki kwapani, akaitikia kwa kichwa.

Faraja nzuri, lakini eksirei safi haitoshi kusema hivyo. Eksirei huona kwa kuchelewa: kwa kawaida mfupa hupoteza 30 hadi 50% ya madini yake ndipo tundu lionekane. Tena saratani hii ina vituko vyake. Mara nyingi haiutoboi mfupa bali huujaza, pingili ya mgongo ikatoka nyeupe kama chaki kuliko jirani zake. Asiye mzoefu anaweza kudhani hiyo ndiyo pingili imara!

Seli zenyewe huanzia ndani, kwenye uboho. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona huko, bila mionzi, na huonyesha kama ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo umebanwa. Skani ya mifupa hupitia mwili mzima kwa dawa yenye mionzi kidogo, ila yabisi ya viungo na mvunjiko wa zamani navyo huwaka kwenye picha, kwa hiyo doa moja si hukumu.

Mgonjwa anayeamshwa usiku na maumivu ya mgongo amwambie daktari, eksirei iwe safi isiwe safi. Miguu ikilegea, makalio yakifa ganzi au mkojo ukigoma, ni hospitali siku hiyohiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.