Kusajili kampuni hakumpi mgeni ardhi ya milele pwani

Kwa miaka mingi, wageni wanaotafuta kiwanja katika makazi yenye uzio na lango la pamoja huko Kilifi au Diani wameambiwa kwamba wakisajili kampuni nchini Kenya watamiliki ardhi hiyo milele. Si kweli. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuiondoa. Hata hati inayotaja miaka 999, ikiwa mikononi mwa mgeni, huhesabiwa kuwa ya 99. Kwa hiyo, na hili naliona zito kuliko bei, mnunuzi aangalie kwenye hati tarehe muda ulipoanza, maana miaka mingi huenda imekwisha kupita.