Wa Kike Hukariri, Wa Kiume Huelewa? Dhana Potofu Kuhusu Usomaji Chuoni

Dhana: Wanafunzi wa kike hukariri, wa kiume huelewa.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote na ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu mhadhiri akishaiamini huacha kumuuliza binti swali la "kwa nini". Mwaka 1976 watafiti Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walitofautisha kusoma kijuujuu, ambako msomaji hushika maneno yalivyoandikwa, na kusoma kwa kina, ambako hutafuta hoja iliyobebwa na maneno hayo. Tangu hapo madodoso mengi yamewapima wanafunzi wa jinsi zote mbili, na majibu hayaelekei upande mmoja: mahali pengine wa kike huzidi kidogo, pengine wa kiume, pengine hakuna tofauti. Kinachombadili sana mwanafunzi ni mtihani wenyewe. Ukiuliza "taja sifa tano", darasa zima litameza madesa, yaani notisi zilizonakiliwa. Ukitoa jedwali la takwimu na kutaka lifafanuliwe, kumeza hakutasaidia.

Dhana: Wa kike wakifaulu, wamependelewa.

Watafiti Daniel na Susan Voyer walikusanya mwaka 2014 matokeo ya wanafunzi zaidi ya milioni moja, kuanzia shule ya msingi hadi chuo, ya miaka ya 1914 hadi 2011. Alama za wa kike zilikuwa juu kidogo katika masomo yote. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwenye lugha na dogo zaidi kwenye hisabati. Rushwa ya ngono ipo, na ni uhalifu wa mwenye mamlaka anayeidai: Tanzania inaikataza kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kuigeuza kuwa maelezo ya ufaulu wa kila binti ni kumdhulumu aliyekesha.

Dhana: Wa kike hawajiamini na vifaa vya maabara.

Tazama kikundi cha watu wanne kinavyogawana kazi bila kupangiwa: mara nyingi binti hupewa kalamu na mvulana hushika kifaa. Baada ya muhula mzima mmoja ana mazoezi ya mikono na mwenzake ana mwandiko mzuri. Dawa ni ratiba iliyoandikwa: mshika kifaa, mwandishi, mkokotoaji na msimamizi wabadilishane kila kipindi, si kila muhula.

Dhana: Wa kike hawapendi kusoma usiku.

Vimbweta, yaani meza na viti vya kusomea nje, havina jinsi, ila njia ya kurudi hosteli saa sita usiku ina giza. Weka taa na mlinzi kwanza, ndipo uhesabu nani amebaki anasoma.

Dhana: Mwenye daftari safi ndiye aliyesoma.

Wa kike husifiwa kwa daftari lenye rangi, wa kiume kwa kupiga msuli, yaani kusoma kwa nguvu, wiki ya mwisho kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Wote wawili huanguka kwenye shimo moja: wanarudia kusoma, maandishi yanazoeleka machoni, nao wanadhani wameyajua. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Dakika tano baada ya kusoma, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, huku waliofunga maandishi na kujaribu kukumbuka wakifika 56.

Kwa hiyo soma dakika 20, funga daftari, kisha andika kwa dakika 10 kwenye karatasi tupu yote unayokumbuka. Fungua tena na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho yake, kisha siku ya tatu, kisha wiki inayofuata, kila mara ukianza na karatasi tupu. Wengi huharibu kwa kuchungulia dakika ya pili. Ukikwama, acha nafasi wazi na uendelee, maana nafasi hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kurudi.