Kubeba kikombe cha themosi kwenye meli ya utalii: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Mtu akishalipia safari ya meli ya utalii, siku ya kupanga begi lazima swali la kikombe litajitokeza, na majibu anayopewa mengi hayana ukweli, huyu anamwambia kitachukuliwa getini, yule anamwambia bila kikombe chako utapata shida wiki nzima, mwingine anasema ni uzito wa bure, basi mtu anabaki amekaa kitandani begi liko wazi na kikombe kiko mkononi. Mimi nimesafiri nacho na nimesafiri bila, na tofauti ipo kweli, ila haiko pale watu wanapoisemea.

Tuanze na linalotisha watu zaidi, kwamba kikombe cha themosi ni marufuku melini. Sio kweli. Marufuku ni vitu vya kupasha moto: birika la umeme, mashine ndogo ya kahawa, pasi, ile koili ya kuchemshia maji unayoitumbukiza kwenye kikombe. Wanaogopa moto, na wana haki, meli ikiwaka katikati ya bahari hamna pa kukimbilia. Kikombe kitupu cha chuma hakina waya wala plagi, kinapita kwenye eksirei kama viatu vyako. Ila angalia hapa, siku hizi kuna vikombe vyenye betri vinavyojipasha vyenyewe, hicho sasa ni kifaa cha kupasha moto na wakaguzi wanaweza kukizuia, kwahiyo hicho kiache nyumbani. Na usiingie nacho kimejaa. Kampuni nyingi zinabana sana pombe ya kuja nayo mwenyewe, na watu wengi wameshajaribu kuificha kwenye vyombo vya aina hii, kwahiyo ukija na kitu kinachocheza ndani utafunguliwa tu. Uwanja wa ndege pia ni hivyo hivyo, ile sheria iliyoanza 2006 ya kutopitisha vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi inahusu kimiminika, haihusu chombo kitupu, kikombe kitupu cha nusu lita unapita nacho.

Sasa kuna wanaosema "vikombe si vipo melini, cha nini kubeba?" Hii ni nusu ukweli na ndo maana inawapoteza watu. Vikombe vipo tena vingi, safi, na chai, kahawa na maji pale kwenye bafe kwa kawaida hulipii zaidi. Tatizo ni kwamba vile vikombe ni vidogo, unakunywa mara tano kimeisha, havina kifuniko, na bafe iko juu kabisa huku chumba chako kiko deki za chini, yaani ghorofa za chini za meli. Meli za siku hizi ni ndefu kuliko mtu anavyofikiria kabla hajapanda, Icon of the Seas iliyoanza safari 2024 ina urefu wa mita 365 hivi na deki 20. Hebu fikiria asubuhi umeamka mwenzio bado amelala, umepanda lifti kwenda kuchukua kahawa mbili, unarudi na vikombe viwili viko wazi, lifti imejaa watoto wenye taulo, korido ni nyembamba, meli nayo inayumba kidogo, ukifika mlangoni unatafuta kadi ya kufungulia na mikono yote miwili imeshika, na kahawa yenyewe imeshakuwa vuguvugu. Hiyo safari ya bafe mpaka chumbani ndo kazi halisi ya kikombe cha themosi. Kazi ya pili ni kukaa nje. Upepo wa kwenye deki unapoza kinywaji haraka ajabu, na kwa wanaoenda sehemu za baridi kama Alaska, ambako watu wanasimama nje saa nzima au mbili kuangalia barafu ya milimani inavyomeguka, kikombe cha wazi hakifiki dakika kumi. Kwenye joto ni kinyume chake, maji ya barafu pembeni ya bwawa yanakuwa ya moto kama uji, na bwawani hawaruhusu glasi ya kioo kwa sababu ikivunjika vipande havionekani majini.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni moja tu, wewe unakunywa pale pale ulipomiminiwa au unaondoka nacho? Mtu wa kukaa mezani akamaliza kikombe chake akainuka, kwa kweli hakihitaji, na nasema hivyo bila kumlazimisha mtu. Mtu wa kunywa polepole, wa kuhamahama na kitabu chake, huyo atakitumia kila siku.

Dhana nyingine kubwa ni kwamba ukiwa na kikombe chako basi popote utajaziwa. Hapa ndo watu wanagombana na wahudumu bila sababu. Mhudumu wa baa mara nyingi atakumiminia kwenye glasi ya meli kisha wewe mwenyewe uhamishe, kwa sababu kipimo cha kinywaji kinaendana na glasi na kwa sababu chombo kilichotoka chumbani kwako hakitakiwi kugusana na vifaa vyao. Usichukulie ni dharau. Meli zinazotia nanga bandari za Marekani zikitokea nchi nyingine zinakaguliwa usafi chini ya mpango ulioanza 1975 wa kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, ukaguzi unakuja bila taarifa, alama ni 100 na meli ikipata 85 au chini yake imefeli, kwahiyo wafanyakazi wana kila sababu ya kuwa wakali. Adui mkubwa pale ni norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha kinachoenea kwa chembe chache mno, na kile cha kuelewa ni kwamba sanitaiza ya pombe haikiwezi vizuri, dawa yake ni kunawa kwa sabuni na maji. Sasa zile mashine za maji zenye kijiti unachokisukuma kwa ukingo wa kikombe, ukingo huo huo uliotoka kuugusa kwa midomo, ukisukuma hapo unampelekea anayekuja nyuma yako ulichonacho na unachukua alichoacha aliyetangulia. Njia safi ni kuchukua glasi ya bafe, kujaza, halafu kumimina kwenye kikombe chako kwa juu bila kugusanisha. Inachukua sekunde tano zaidi. Mimi nafanya hivyo kila mara na sijawahi kukatazwa.

Na kuna mashine za soda za Coca-Cola kwenye meli za kampuni ya Royal Caribbean, zile za kuchagua ladha kwenye skrini, nazo zinataka kikombe chao chenye chipu ndani yake, kinachokuja na kifurushi cha soda. Kikombe chako mashine haikitambui kabisa. Kama ulikuwa unabeba kwa ajili hiyo, sababu hiyo ifute. Na soda ukiihamishia kwenye chombo cha kufunga kwa kukaza usiitikise, gesi inajaa na ukifungua inakurukia.

Twende kwenye chombo chenyewe maana hapo nako kuna imani za ajabu. Wapo wanaodhani kuna cha baridi na kuna cha moto, na wapo wanaodhani kinapoza au kinapasha. Hakifanyi lolote kati ya hayo. Ni kuta mbili za chuma na katikati hewa imenyonywa, na pasipo hewa joto karibu halina cha kupitia, liwe linataka kutoka au linataka kuingia. Aliyetengeneza chombo cha aina hii ni James Dewar, mwanasayansi wa Scotland, mwaka 1892, na wala hakuwa anawaza chai, alikuwa anatafuta jinsi ya kutunza gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Kwahiyo chombo kile kile kinatunza barafu mchana na kahawa alfajiri. Ukiweka maji ya vuguvugu ukasubiri yapoe utasubiri sana, hapo kinakufanyia kazi kinyume na unavyotaka.

Watu wakinunua wanaangalia unene wa ukuta, wanaangalia jina la kampuni, kifuniko hawakiangalii, na joto jingi linatoka hapo juu, kwenye mvuke. Kile cha kuchomeka tu chenye tundu la mrija kinapoteza joto haraka na kikianguka kinamwaga, na melini vitu vinaanguka, mezani kwako usiku bahari ikichafuka kitajikuta sakafuni. Cha kuzungusha chenye mpira ndani ndo cha safari. Na kabla ya kuweka kahawa tia maji ya moto kwanza yakae dakika mbili uyamwage, maana chuma baridi kinakula joto la kwanza lote.

Ila ubora huo una upande wake wa hatari ambao watu hawausemi. Kahawa iliyotoka kwenye mashine ukaifunga hapo hapo, baada ya nusu saa bado inaunguza. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, mwaka 2016 waliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Suala ni joto, kahawa au chai yenyewe haina kosa hapo. Acha wazi dakika kadhaa kwanza ndo ufunge.

Kuna hofu ya risasi pia, ile madini yenye sumu. Ilivuma sana mwanzoni mwa 2024, kampuni ya Stanley ikakubali kwamba kwenye kitako cha vikombe vyao kuna kitone chenye risasi kinachoziba pale hewa iliponyonywa, lakini kimefunikwa na kifuniko cha chuma na hakigusani na kinywaji. Kwahiyo kukitupa kikombe kizima kwa hofu hiyo hakuna maana. Kile kifuniko cha chini kikibanduka, hapo ndo usikitumie tena.

Kuhusu maji, nasikia sana kwamba lazima ubebe kikombe kikubwa ujaze bafe kwa sababu maji ya bomba chumbani ni ya bahari hayanyweki. Jamani. Maji ya meli kubwa yanatengenezwa kwa kuvukiza maji ya bahari au kuyachuja kwa presha kwenye utando, au yanachukuliwa bandarini, kisha yanatiwa klorini na kupimwa muda wote. Yananyweka. Ladha unaweza usiipende, hilo ni suala lingine, tia barafu.

Ukubwa sasa. Wengi wanabeba lile la karibu lita nzima wakiamini kubwa ndo bora, halafu linafika halipiti chini ya mdomo wa mashine ya kahawa, na likijaa ni zito hubebi nalo mchana kutwa bandarini. Mililita 350 mpaka 500 inatosha. Na wale wanaosema linachukua nafasi kwenye begi, ndani yake ni tupu, sokomeza soksi na chaja humo, nafasi umeirudisha.

Maziwa ndo sitaki kabisa yakae humo. Chai ya maziwa ikishuka chini ya nyuzi 60 ikabaki vuguvugu kwenye chombo kilichofungwa, bakteria wanapata mahali pazuri pa kuzaliana, ikipita muda wa saa mbili unaimwaga. Na kuosha sio kusuuza tu, ule mpira wa kifuniko utoe kila usiku, uoshe kwa sabuni na uache mbali na kifuniko ukauke, la sivyo siku ya nne kuna ukungu mweusi na harufu. Beba brashi ndogo na sabuni kidogo. Usitumie dawa za kufulia zenye klorini, zinatoboatoboa chuma.

Kuna safari ambazo ningekiacha. Meli ndogo za mtoni, kahawa iko hatua chache kutoka mlangoni kwako, hakina kazi kubwa. Meli za kampuni za Uingereza, P&O Cruises na Cunard, zina vifaa vya kutengenezea chai chumbani, birika ni la meli yenyewe, kwahiyo ile safari ya alfajiri ya lifti haipo, unabaki kukihitaji kwa ajili ya deki na bandarini tu. Bandarini nako mimi bado nakipenda, unashuka na maji ya baridi kutoka melini, baada ya muda wa saa tano juani bado barafu inagongana ndani, na hujanunua chupa ya plastiki hata moja.

Kama umeamua kwenda nacho, usiku wa kuamkia safari kijaze maji ya moto, funga, kilaze juu ya taulo mpaka asubuhi. Ukikuta taulo kavu na maji bado yana joto, kimwage, kikaushe, kiweke kwenye begi la mkononi kifuniko kikiwa wazi. Ukikuta taulo limelowa badilisha mpira wa kifuniko, na ukikuta nje ya kikombe kulikuwa na joto ulipokijaza, hewa imeshaingia kati ya kuta, hicho hakitunzi tena chochote.