Mamografia ya jamii: kuchunguza si kutafuta ugonjwa ulioonyesha dalili

Uchunguzi wa jamii ni kuwapiga mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, wanawake wasio na dalili yoyote ya kansa ya matiti, wa umri uliopangwa, na kuwarudia kila baada ya muda uliopangwa. Shirika la Afya Duniani hutaja miaka 50 hadi 69, kila miaka 2, tena pale tu ambapo hospitali zina uwezo wa kuwatibu watakaogundulika. Sharti la kutokuwa na dalili ndilo msingi wa yote, na ndilo linalosahauliwa karibu kila ripoti ya kambi ya afya inapotolewa.

Mwenye uvimbe, chuchu inayotoa damu au ngozi iliyobonyea ni mgonjwa anayetafutiwa ugonjwa. Apapaswe matiti na makwapa, apigwe picha na ultrasaundi, achukuliwe kinyama kikapimwe maabara. Mamogramu ikitoka safi, asirudishwe nyumbani. Wengi wa umri mdogo wana matiti yenye tishu nzito, ambayo kwenye picha huwa nyeupe, na kansa nayo ni nyeupe.

Sasa kambi ya afya ya bure Kampala au Mbale, Uganda, huwavuta kwanza walio na wasiwasi tayari. Tuseme wamepigwa picha 1,000, wakagundulika 12. Inasikika vizuri mno! Lakini kama 40 walikuja na uvimbe, na 9 kati ya wale 12 wametoka humo, basi uchunguzi wenyewe umegundua 3 kati ya 960. Hao 9 walihitaji daktari miezi mingi nyuma, si kambi. Kinga yake ni swali moja mezani kabla ya mashine, "Mama, kuna kitu umekiona au kukigusa kwenye titi?", na madaftari mawili: moja la wenye dalili, moja la wasio nazo.

Kosa jingine la aina hiyo hiyo ni kujumlisha wote walioitwa tena baada ya picha ya kwanza kuwa "wamekutwa na tatizo". Majibu ya mamogramu hupewa alama za BI-RADS, kuanzia 0 hadi 6. Alama 0 maana yake picha haijatosha, zaidi zinahitajika. 4 na 5 ndizo zinazodai kinyama. Na hapo ndipo watu wanapotea: simu iliyoandikwa ni ya jirani, nauli ya kutoka Arua hadi hospitali ya Mulago, Kampala, haipo. Shirika la Afya Duniani linataka utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Mpango usioandika tarehe ya majibu ya kinyama hauwezi kujipima kwa kigezo hicho.

Anayeandika "tumechunguza 1,000, tumegundua 12" hajakosea kuhesabu. Aongeze tu mistari mitatu: wangapi walikuja na dalili, wanawake wangapi wa umri uliopangwa kuchunguzwa wanaishi katika eneo hilo, na kati ya walioitwa tena ni wangapi walipata majibu.