Maana ya Mafunzo ya Usimamizi wa Miradi kwa Watu Walio Kazini

Wengi wanaosimamia miradi hawakuajiriwa kuwa mameneja wa miradi. Mhasibu anakabidhiwa kazi ya kuhamishia hesabu zote kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Muuguzi mkuu anaambiwa aratibu ufunguzi wa wodi. Mhandisi aliyebobea katika mabomba ya maji anajikuta anaongoza timu ya watu kumi na wawili, anajibu barua za mfadhili, na anatakiwa kueleza kwa nini tarehe ya makabidhiano imepita. Wote hawa wanaijua vizuri fani yao, ila hakuna aliyewafundisha namna ya kubeba kazi kubwa yenye watu wengi, fedha zenye ukomo na siku ya mwisho.

Mafunzo ya kitaaluma ya usimamizi wa miradi yapo kwa ajili yao. Ni masomo ya muda mfupi, yaliyopangwa kwa mtu ambaye bado ana ajira, yanayompa utaratibu uliokwisha kujaribiwa wa kuanzisha mradi, kuupanga, kuuendesha, kuufuatilia na kuufunga. Mara nyingi humwandaa pia kwa mtihani wa cheti kinachotambulika kimataifa, ingawa cheti na mafunzo ni vitu viwili, na tutaona hapa chini kwa nini inafaa kuvitenganisha.

Kwanza, mradi ni nini? Ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho, inayoleta kitu ambacho hakikuwapo. Kulipa mishahara kila mwezi si mradi. Kubadili mfumo wa kulipia mishahara ni mradi. Kazi inayojirudia hutoa nafasi ya kujirekebisha, kwa sababu ulichokosea mwezi huu utakirekebisha mwezi ujao. Mradi hufanyika mara moja, na makosa yake mengi huonekana wakati fedha zimeshatumika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili ni kufikiri mapema: kuandika nini kimo ndani ya mradi na nini hakimo, nani ana neno katika uamuzi, kitu gani kinategemea kingine, na nini kinaweza kwenda mrama.

Mtu mzima haingii darasani mtupu. Ana miaka kumi ya kuona bajeti zikiyeyuka na wadau wakibadili mawazo katikati ya safari. Mkufunzi anayelijua hilo hatumii wiki nzima kufafanua istilahi. Humtaka kila mshiriki aje na mradi halisi ulio mezani kwake, kisha kila zana inayofundishwa inajaribiwa hapohapo kwenye mradi huo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha mafunzo mazuri: mshiriki akimaliza, awe na mpango kazi wa mradi wake mwenyewe uliopitiwa na wenzake na kukosolewa, si daftari la maelezo tu.

Tuchukue zana moja tuone inavyobadili macho ya mtu. Ofisi inataka kuhamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Kuchagua mfumo kunahitaji wiki 4. Mfumo ukishachaguliwa, kazi mbili zinaweza kuanza pamoja: kuingiza kumbukumbu, wiki 6, na kununua na kufunga vifaa, wiki 3. Zote mbili zikikamilika, watumishi wanafundishwa kwa wiki 2. Ukifuata mkondo wa kumbukumbu unapata 4 na 6 na 2, jumla wiki 12. Mkondo wa vifaa ni 4 na 3 na 2, jumla wiki 9. Mradi utachukua wiki 12, kwa sababu mkondo mrefu ndio unaoamua. Vifaa vinaweza kuchelewa hadi wiki 3 bila kuusogeza mwisho wa mradi, lakini uingizaji wa kumbukumbu ukichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Meneja ambaye hajafundishwa atampigia simu muuza vifaa kila asubuhi kwa sababu ndiye anayemtia wasiwasi. Aliyefundishwa atapeleka watu wa ziada kwenye kumbukumbu.

Hesabu hii ndiyo msingi wa mbinu ya njia kuu, iliyobuniwa mwaka 1957 na wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lilitumia mbinu ya jamii hiyohiyo, PERT, katika mpango wa makombora ya Polaris. Mchoro wa ratiba wenye mistari ya mlalo, ambao karibu kila ofisi imeuona, una umri mkubwa zaidi: umepewa jina la Henry Gantt, mhandisi Mmarekani aliyeueneza katika miaka ya 1910. Unaonyesha kazi gani inafanyika lini, lakini peke yake haukulazimishi kuuliza kazi gani inategemea ipi.

Zana ya pili ninayoona kila mtu mwenye dhamana ya fedha angepaswa kuijua ni kipimo cha thamani ya kazi iliyokamilika. Chukua mradi wa miezi 12 wenye bajeti ya milioni 60. Kufikia mwezi wa sita ulipanga kuwa umefanya kazi ya milioni 30, na taarifa ya fedha inasema umetumia milioni 30. Ukitazama namba hizo mbili tu utaripoti kwamba kila kitu kiko sawa. Sasa uliza swali la tatu: kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei za bajeti, ina thamani gani? Ikiwa ni milioni 20, uko nyuma ya ratiba na pia unatumia kupita kiasi, kwani kila kazi ya milioni 2 inakugharimu milioni 3. Mwendo huo ukiendelea, mradi utamalizika kwa milioni 90. Ni afadhali kulijua hilo mwezi wa sita, wakati bado unaweza kupunguza mawanda, yaani kazi zilizomo ndani ya mradi, au kuomba nyongeza ya fedha, kuliko mwezi wa kumi na moja.

Mambo mengine ya mtaala nitayapitia haraka. Kuna hati ya kuidhinisha mradi, inayotamka rasmi kwamba mradi upo na nani anauongoza. Kuna mgawanyo wa kazi kubwa kuwa vipande vinavyoweza kukadiriwa. Kuna daftari la vihatarishi, ambamo kila kihatarishi kina mwenyewe na hatua zitakazochukuliwa. Kuna udhibiti wa mabadiliko, ili ombi dogo la mkubwa mmoja lisiongeze mwezi mzima wa kazi kimyakimya. Na kuna kushughulika na watu, sehemu ambayo washiriki wenye uzoefu huipuuza mwanzoni na kuihitaji kuliko nyingine zote: kuongoza timu usiyoiajiri, kumwambia mfadhili habari asizopenda kusikia, na kupatanisha idara mbili zinazomgombea mtaalamu mmoja.

Siku hizi mafunzo mengi yanafundisha pia njia zisizopanga kila kitu mwanzoni. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko lililozipa njia hizo jina la Agile. Kazi hufanyika kwa vipindi vifupi, kila kipindi kikitoa kitu ambacho mteja anaweza kukiona na kukitolea maoni, na mpango hurekebishwa kufuatana na maoni hayo. Inafaa sana pale mahitaji yanapobadilika, kama katika kutengeneza programu. Haifai kwa nguzo za daraja, ambazo huwezi kumwaga zege kisha ukamuuliza mteja kama angependa zisogee kidogo. Miradi mingi iko katikati, na mafunzo ya siku hizi humfundisha mtu kuchanganya njia zote mbili kwa kuzingatia kazi iliyopo.

Sasa vyeti. Kinachojulikana zaidi duniani ni PMP, kinachotolewa na PMI, taasisi ya wataalamu wa usimamizi wa miradi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969 na iliyoanza kutoa cheti hicho mwaka 1984. Si cheti cha wanaoanza: kwa kawaida mwenye shahada ya kwanza hutakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi, mwenye elimu ya sekondari miezi 60, na wote wawe na saa 35 za mafunzo kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Asiye na uzoefu huo anaweza kuanza na cheti cha CAPM cha taasisi hiyohiyo, kinachodai saa 23 za mafunzo. PRINCE2, mbinu ya kusimamia miradi yenye vyeti vyake, ilitoka katika serikali ya Uingereza mwaka 1996 na ina ngazi ya msingi, isiyodai uzoefu wowote, kisha ngazi ya utendaji. IPMA, shirikisho la kimataifa la vyama vya mameneja wa miradi, lina ngazi nne kutoka D hadi A; D hupima maarifa, na zinazofuata hupima pia kile ambacho mtu amewahi kukifanya.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Hati unayopewa na mkufunzi siku ya mwisho inathibitisha kwamba ulihudhuria. PMP, PRINCE2 na vingine vya aina hiyo hutolewa na chombo kingine baada ya mtihani au tathmini yake, na chombo hicho hakina haja ya kukupendeza kwa sababu ulilipa ada ya darasa. Hati zote mbili zina matumizi yake, lakini tangazo linaloandika "cheti cha kimataifa" bila kutaja nani anatahini, nani anatoa na nani anasajili, linastahili maswali kabla ya malipo.

Kuna mafunzo ya jioni na ya wikendi yanayokwenda miezi kadhaa, kuna ya mtandaoni yanayomwacha kila mtu asome kwa mwendo wake, na kuna yale ya siku nne au tano mfululizo yaliyobanwa ili kutimiza saa 35. Haya ya mwisho yanamfaa mtu ambaye tayari ameongoza miradi na anataka kuupanga ujuzi wake kabla ya mtihani. Anayeanza yatamwacha na msamiati mwingi na mikono isiyojua pa kuanzia. Yeye anahitaji wiki za nafasi kati ya kipindi kimoja cha darasa na kingine, arudi kazini Jumatatu ajaribu alichojifunza, agonge mwamba, kisha arudi darasani na swali la kweli.

Na cheti kikishapatikana hakidumu chenyewe. Mwenye PMP hutakiwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka 3, ambapo kila pointi ni takriban saa moja ya kusoma au ya kuitumikia taaluma. Ni sharti zuri, maana programu za kupangia kazi na njia za kuendesha timu hazibaki zilivyokuwa.

Kwa mwajiri anayelipia, kazi haiishii kwenye ada. Nimeona watu wakirudi kutoka mafunzoni na daftari zuri la vihatarishi, wakakuta hakuna kikao cha kulijadili, na baada ya miezi miwili wamerudia mtindo wa zamani. Mfanyakazi anayerudi anahitaji kukabidhiwa mradi ndani ya wiki chache, hata mdogo, pamoja na barua ya uteuzi inayotaja kiasi cha fedha anachoweza kuidhinisha, watumishi anaoweza kuwapangia kazi, na jina la mkubwa atakayeamua pale idara mbili zitakaposhindwa kuelewana.